Je, biashara hushusha bei ya matibabu?

Imezoeleka kusikia kwamba huduma ya afya ikiachiwa wafanyabiashara, ushindani utashusha bei na kuinua ubora, kama ilivyotokea kwenye simu. Hoja hiyo ina mantiki, ila inasahau mgonjwa ni mnunuzi wa namna gani.

Aliyepasuka kidole tumbo hazunguki hospitali tatu akiuliza bei. Hajui anahitaji kipimo kipi. Anayemwambia ni daktari, na mara nyingi hospitali ya daktari huyohuyo ndiyo inayolipwa kwa kipimo hicho. Mchumi Kenneth Arrow alilichambua tatizo hili mwaka 1963: muuzaji anajua mengi, mnunuzi anajua kidogo, na ugonjwa haupigi hodi. Bima nayo, ikiachwa itafute faida tu, hunufaika kwa kuwakwepa wenye maradhi sugu, yaani walewale wanaoihitaji.

Marekani, ambako biashara imeshika nafasi kubwa katika matibabu, hutumia takriban asilimia 17 ya pato la taifa kwa afya. Uingereza na Japani hutumia kidogo kuliko hapo, na watu wao kwa wastani huishi muda mrefu zaidi.

Si kwamba kila cha serikali ni kizuri. Foleni za wagonjwa kwenye hospitali za serikali za Uingereza zinajulikana. Wala sekta binafsi si lazima ifukuzwe. Uswisi ina kampuni binafsi za bima, lakini sheria iliyoanza kutumika 1996 inazikataza kupata faida kwenye bima ya msingi, na haziruhusiwi kumkataa mwombaji kwa sababu ya afya yake. Faida wanaitafuta kwenye bima za nyongeza, mathalani ya kulazwa chumba cha peke yako.