Uungwana si nidhamu: maneno mawili tunayoyachanganya katika soka la watoto

Katika mashindano ya watoto wa chini ya miaka 12 niliyoyahudhuria hivi karibuni, kikombe cha "timu yenye uungwana" kilikabidhiwa timu ambayo haikupata kadi hata moja. Nilipiga makofi pamoja na wazazi wenzangu, lakini moyo wangu ulikuwa mzito, kwa sababu asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimeshuhudia tendo lililostahili jina hilo zaidi. Mwamuzi aliwapa timu moja mpira wa kurusha, na beki wa kulia wa timu hiyohiyo akainua mkono akasema: "Refa, ni mimi niliyeutoa." Mwamuzi akabadili uamuzi wake. Mwalimu wa mtoto yule akamfokea kutoka pembeni mwa uwanja: "Nani kakuuliza?" Timu yake haikufikiriwa kwa kikombe, maana wenzake wawili walikuwa wameonyeshwa kadi za njano katika mechi za awali. Tangu hapo nimekuwa nikisikiliza kwa makini zaidi, na karibu kila ninapolisikia neno "uungwana" kwenye viwanja vya watoto, kinachokusudiwa ni nidhamu.

Maana zenyewe hazina ugumu. Nidhamu ni kufuata utaratibu uliowekwa: kufika mazoezini kwa wakati, kumsikiliza mwalimu, kutobishana na mwamuzi. Uungwana ni kumtendea mpinzani haki hata pale ambapo sheria haikulazimishi na hakuna atakayekuadhibu usipofanya hivyo. Mtoto anaweza kuwa na moja akakosa jingine, na hilo ndilo tunalolisahau.

Neno nidhamu lilitujia kutoka Kiarabu, ambako lina maana ya mpangilio au utaratibu, na mzizi wake ndio unaotumika pia kwa kazi ya kutunga lulu au shanga kwenye uzi. Washairi wetu wanao mzizi huohuo katika kitenzi kunudhumu, yaani kutunga shairi kwa kufuata vina na mizani. Timu yenye nidhamu, basi, ni mfano wa ushanga uliotungwa vizuri, kila punje mahali pake. Hiyo ni sifa njema na siibezi hata kidogo, kwa kuwa bila nidhamu watoto ishirini na wawili hawawezi kucheza mpira kwa dakika tano. Lakini shanga hazina hiari, na uzi wake umeshikwa na mtu mwingine.

Uungwana una safari ndefu zaidi, na sehemu yake si ya kujivunia. Katika miji ya mwambao kama Lamu, Pate, Mombasa na Unguja, muungwana alikuwa mtu huru, mwenye asili ya mji, na neno lililosimama upande wa pili wake lilikuwa mtumwa. Ukisema fulani ni muungwana, ulikuwa unataja nasaba yake na nafasi yake katika jamii, wala haikuwa lazima uwe unasifu tabia yake. Muungwana mkatili aliendelea kuitwa muungwana, na mtumwa mwenye utu aliendelea kuitwa mtumwa. Hatuna sababu ya kulificha jambo hilo tunapowafundisha watoto neno hili.

Kisha neno likaanza kusafiri. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilipotoka pwani kwenda Tabora, Ujiji na hatimaye Manyema, wapagazi na askari wake walijiita waungwana, wakiwamo wengi ambao wenyewe walikuwa watumwa au waliwahi kuwa watumwa. Huko bara jina hilo halikutegemea tena mtu alizaliwa na nani. Lilitegemea namna alivyoishi, alivyovaa, alivyosali na alivyozungumza. Alama ya safari hiyo ipo hadi leo, kwa kuwa Kiswahili cha mashariki mwa Kongo kiliitwa Kingwana, jina lililotokana na waungwana haohao. Na Waswahili wakaja kulifupisha jambo zima katika msemo tunaoujua sote, kwamba muungwana ni vitendo. Nasaba ikatolewa, vitendo vikaingia.

Hata hivyo, katika mabadiliko hayo yote kuna kitu kimoja cha maana ya zamani ambacho hakikupotea, nacho ni uhuru. Tendo la kiungwana ni tendo la mtu asiyeshurutishwa. Beki akirudi nyuma hatua kadhaa kwa sababu mwamuzi amemwamuru aheshimu mita 9.15 wakati wa mpira wa adhabu, ametii. Akirudi kabla ya kuambiwa kwa kuwa anaona mwenzake anastahili kupiga mpira wake bila kuzibwa, hapo ndipo neno letu linapoanza kufaa. Hii ndiyo sababu naamini watangazaji wetu waliotafsiri neno la Kiingereza "fair play" kuwa "mchezo wa kiungwana" walichagua vizuri kuliko wanavyosifiwa. Neno "uanamichezo" nalo ni zuri, lakini limebebeshwa mzigo mwingine: mara nyingi humaanisha tu kuwa mtu anacheza au anapenda michezo.

Sheria za soka zenyewe zinazitenganisha dhana hizi mbili. Sheria ya 12 inapotaja makosa ya kadi ya njano, inaweka kumpinga mwamuzi kwa maneno au vitendo peke yake, kuchelewesha mchezo peke yake, na tabia isiyo ya kiungwana peke yake. Ndani ya hiyo ya mwisho ndimo kunamoingia kujiangusha ili kumdanganya mwamuzi, pamoja na jambo moja ambalo watoto wetu hulifanya kila siku na wakubwa hucheka: kumpigia mpinzani kelele "acha, yangu!" kwa sauti ya mwenzake ili auachie mpira. Mtoto anayefanya hivyo anaweza kuwa ndiye anayewahi mazoezini kuliko wote na hajawahi kumjibu mwamuzi.

Kwa wakubwa tofauti hii ilionekana wazi kabisa Februari 13, 1999, pale Arsenal ilipocheza na Sheffield United katika Kombe la FA. Matokeo yakiwa bao 1 kwa 1, kipa wa Sheffield aliutoa mpira nje ili mwenzake aliyeumia atibiwe. Ray Parlour wa Arsenal aliurusha mpira uwarudie wapinzani, kama ilivyo desturi, lakini Nwankwo Kanu, aliyekuwa akiichezea Arsenal kwa mara ya kwanza na hakuelewa kilichokuwa kikiendelea, aliukimbilia, akampasia Marc Overmars, naye akafunga. Bao lilikuwa halali, kwa kuwa hakuna sheria inayomlazimisha mtu kurudisha mpira wa namna hiyo, na mwamuzi hakuwa na njia ya kulikataa. Baada ya mechi kocha wa Arsenal, Arsène Wenger, alijitolea mechi irudiwe, nayo ikarudiwa siku kumi baadaye. Arsenal ilishinda tena 2 kwa 1. Mtu akihesabu kadi za mchezo ule wa kwanza hawezi kuona lolote kati ya hayo, wala kosa wala namna lilivyosahihishwa.

Mfano wa pili unaniuma zaidi kwa kuwa unatugusa Waafrika. Katika Kombe la Dunia la 2018, Senegal na Japan zilimaliza hatua ya makundi zikilingana kwa pointi na kwa mabao, tena zilikuwa zimetoka sare ya 2 kwa 2 zenyewe kwa zenyewe. Japan ikapita kwa kigezo kilichoitwa cha mchezo wa kiungwana, kwa sababu ilikuwa na kadi 4 za njano na Senegal 6. Lakini katika dakika za mwisho za mechi yake na Poland, ikiwa nyuma kwa bao 1 kwa 0, Japan ilikuwa ikipigiana pasi nyuma bila kutafuta bao, ikitegemea Senegal iendelee kufungwa na Colombia kwenye uwanja mwingine, huku watazamaji wakizomea. Siilaumu Japan, kwa kuwa ilifuata kanuni zilizokuwapo. Ninacholalamikia ni jina la kigezo. Kilichohesabiwa kilikuwa nidhamu, na kingeitwa hivyo kila mtu angeelewa.

Watoto hujifunza maana ya maneno kwa kuangalia yanapotumika. Mtoto akiona kikombe cha uungwana kinakwenda kwa timu isiyo na kadi, ataamini kwamba uungwana ni kutoonekana na mwamuzi, na huenda wale wajanja zaidi wakaanza kuwavuta wapinzani jezi wakati refa amegeuka upande mwingine, na bado wakavishwa medali.

Kwa hiyo ningewaomba waandaaji wa mashindano ya watoto waendelee kuhesabu kadi kama wanavyofanya, ila kikombe hicho wakiite cha nidhamu. Kile cha uungwana wawaulize wachezaji wa timu pinzani ni nani anayekistahili, kwa kuwa wao ndio waliotendewa, na kwa uzoefu wangu watoto hukumbuka vizuri nani aliwanyanyua walipoanguka. Mwalimu wa yule beki simwoni kuwa mtu mbaya. Alitaka kushinda, na swali lake lilimtoka kwa hasira ya mchezo. Nikimkuta tena nitamjibu kwa upole tu: hakuna aliyemuuliza, mwalimu, na ndiyo maana tendo lake tunaliita uungwana.