Kupulizia sisimizi dawa si kuwamaliza
Katika nyumba za kupanga hapa Kondele, Kisumu, sisimizi wakiingia mkebe wa sukari tunakimbilia dawa ya kupuliza. Msafara wote unakufa. Baada ya wiki kadhaa wako jikoni, bafuni, hata ndani ya soketi, nasi twasema tumeuziwa dawa feki.

Mara nyingi dawa ni nzima. Tunachokosea ni kudhani kiota kina malkia mmoja. Wale wadogo wa manjano, wa milimita 2 hivi, waitwao sisimizi wa Farao, huwa na malkia wengi. Unaowaona njiani ni vibarua tu. Wakishtuliwa, baadhi hubeba mayai na mabuu, wakafuatana na malkia hadi ufa mwingine. Kiota kimoja kimekuwa viwili au vitatu, na aliyekigawa ni wewe mwenye mkebe wa dawa!

Hawaruki kwenda kuanzisha makao mapya. Safari ndefu tunawabeba sisi, kwenye makatoni na makochi ya kuhamia.

Kinachofaa ni chambo chenye sumu ya polepole, ili vibarua waifikishe kwa malkia. Ukiweka chambo, usipulizie chochote karibu, hata wakijaa.