Risasi ya Minié: kupima, kusoma na kutunza masalia ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani

Masalia ya vita vya 1861 hadi 1865 kati ya Kaskazini na Kusini ya Marekani bado yanauzwa kwa wingi kwenye maonyesho, minada na mtandaoni. Swali linaloulizwa zaidi ni bei. Mimi naona la kwanza liwe kipimo. Masalia ya vita ni ushahidi, na ushahidi huo umo katika vipimo vyake, katika uso wake, na mahali yalipookotwa. Anayekimbilia kusugua kabla ya kupima na kuandika anaufuta kwa mikono yake mwenyewe.

Anza na risasi za bunduki, kwa kuwa ndizo nyingi na ndizo zinazofundisha. Unahitaji kalipa ya vernia (kifaa chenye taya mbili cha kupimia kipenyo hadi sehemu za milimita), mizani inayosoma hadi desimali moja ya gramu, lenzi ya mkononi na taa ya kumulika kwa ubavu.

Risasi ya kawaida ya Kaskazini ni ile yenye mifuo mitatu kiunoni na shimo la koni kitakoni. Wazo lilikuwa la Mfaransa Claude-Étienne Minié, aliyeweka kikombe cha chuma ndani ya shimo. James Burton wa karakana ya silaha ya Harpers Ferry, Marekani, akakiondoa kikombe, na 1855 jeshi la Marekani likaukubali muundo huo. Risasi nzima ina kipenyo cha karibu milimita 14.6, urefu wa milimita 26 hivi, na uzito wa gramu 32 hadi 33. Mifuo ile ilishika mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na nta. Baruti ikilipuka, gesi hutanua kingo za kitako hadi zikabana ndani ya mikato ya mtutu, na risasi hutoka ikizunguka.

Kwa hiyo kitako ndicho cha kusoma kwanza. Mulika kwa ubavu. Kikiwa na michirizi mipana inayopanda kwa mshazari, risasi hiyo ilifyatuliwa. Hesabu michirizi, kwani idadi yake ni ya mikato ya mtutu: bunduki za Springfield ya 1861 na Enfield ya 1853 zina mitatu, Lorenz ya Austria ina minne, na bunduki ya 1841 iitwayo Mississippi ina saba. Kusipokuwa na michirizi, kingo zikiwa zimenyooka na uzito umetimia, risasi hiyo ilidondoshwa au ilitupwa. Tofauti hii ndiyo inayochora ramani ya mapigano. Zilizodondoshwa kwa mstari huonyesha pale askari walipokuwa wakijaza bunduki, na zilizofyatuliwa huonyesha walikokuwa wakilenga. Ndiyo maana kopo la risasi zilizochanganywa kutoka mashamba kumi, hata ziwe nzuri namna gani, limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya habari zake.

Tazama na ncha. Tundu lililokwaruzwa kwa mzunguko hapo ni alama ya skrubu ya kuchomolea, iliyofungwa kwenye fimbo ya kushindilia ili kutoa risasi iliyokwama mtutuni.

Aina nyingine mbili inafaa uzifahamu mapema. Ya Williams ina kisahani cha zinki kitakoni, kilichokusudiwa kukwangua masizi ya baruti ndani ya mtutu. Ni ya Kaskazini. Ya Gardner ni ya Kusini, na karatasi ya baruti ilibanwa kwa mashine kwenye mwili wa risasi wenyewe, hivyo utaona pete mbili zilizoinuka badala ya mifuo mitatu iliyochongwa. Lakini usimpe askari jina kwa sababu ya risasi tu. Pande zote mbili zilinunua Enfield kutoka Uingereza, na Kusini ilitumia silaha nyingi ilizoteka.

Kuna hadithi moja ya kukataliwa kabisa. Risasi zenye alama za meno huuzwa kwa bei kubwa, eti mgonjwa aliing'ata akikatwa mguu. Madaktari wa vita hivyo walitumia kwa wingi klorofomu na etha, dawa za kumlaza mgonjwa usingizi. Alama pana na za kina, zenye kuibapaza risasi pande zote, kwa kawaida ni za nguruwe wa mashambani waliozifukua wakitafuta chakula.

Matufe ya mizinga yana udanganyifu zaidi. Mzinga wa Napoleon wa pauni 12 ulirusha tufe lisilo na uwazi ndani, lenye kipenyo cha milimita 114.8 na uzito wa karibu kilo 5.6. Kanuni ninayotumia ni hii: chukua kipenyo kwa sentimita, kizidishe kwa chenyewe, na tena kwa chenyewe (kipenyo × kipenyo × kipenyo), kisha zidisha kwa 3.7. Jibu ni gramu za tufe la chuma cha kumimina lisilo na uwazi. Matufe ya kusagia mawe viwandani ni ya chuma kizito zaidi, hivyo huzidi jibu hilo. Tufe la michezo la kilo 5.44 ndilo linalowanasa wengi: likiwa la chuma cha kumimina lisilo na uwazi, kipenyo chake kinafika milimita 113 na kitu. Tofauti ni milimita moja tu na ushee, ambayo utepe wa kupimia hauioni, kalipa kubwa inaiona. Pima mara tatu kwa pande tofauti, maana kutu huongeza hapa na kupunguza pale.

Uzito ukipungua sana kuliko kanuni, huenda tufe lina uwazi, na ndani yake huenda kuna baruti. Usilitoboe, usiligonge, usilipashe moto. Hata likifikia uzito, bado si salama kwa hakika, kwa sababu makombora mengine yalijazwa vidonge vya madini ya risasi. Maji hayaui baruti nyeusi. Ikikauka inarudia ukali wake. Februari 2008 huko Chester, Virginia, mkusanyaji mwenye uzoefu mkubwa aliuawa na kombora la vita hivi. Ukikuta kitu cha aina hii ardhini, kiache hapo hapo uite polisi.

Kuhusu kusafisha: risasi ziguse kidogo iwezekanavyo. Maji ya bomba, brashi laini, kijiti cha mbao kwa udongo wa shimoni, kisha kausha. Utando wa kijivu au mweupe mgumu ndio ngao yake, uache. Siki ni sumu kwake, kwa maana asidi yake hula madini ya risasi. Kwa sababu hiyo hiyo usizihifadhi kwenye kabati la mwaloni, kwani mbao hiyo hutoa mvuke wa asidi. Ukiona unga mweupe mlaini unaojirudia, tenga risasi hiyo na nyingine na uihamishie kwenye kisanduku cha polipropilini. Nawa mikono kila unapomaliza, usile mezani hapo.

Chuma kilichotoka ardhini kina chumvi ndani, ndiyo inayotoa matone ya rangi ya chungwa hata baada ya miaka. Kitu kisicho na baruti na ambacho sumaku inakishika vizuri huweza kufanyiwa elektrolisisi, yaani kuondolewa kutu na chumvi kwa mkondo wa umeme ndani ya maji: gramu 50 za kaboneti ya sodiamu kwa lita ya maji, mkondo mdogo, mahali penye hewa. Bamba la upande wa pili wa umeme liwe chuma cha kawaida, kamwe lisiwe chuma cha pua (kisichoshika kutu), kwa kuwa hicho huachia kromiamu yenye sumu. Kazi huchukua wiki au miezi, na maji hubadilishwa mara kwa mara. Wanaoharakisha huona kutu ikirudi chini ya nta waliyopaka kukikinga.

Kwa wasomaji wanaoishi Virginia, Maryland au Pennsylvania: hifadhi za taifa kama Gettysburg, Petersburg na Manassas haziruhusu kabisa vifaa vya kutafutia metali, na sheria ya serikali kuu ya 1979 inalinda masalia yaliyo kwenye ardhi yake. Kwenye shamba la mtu, chukua ruhusa kwa maandishi, na kila kitu kipewe mfuko wake, namba yake, kina chake na nukta za GPS siku hiyo hiyo. Namba usiiandike juu ya risasi. Iandike kwa penseli kwenye kadi isiyo na asidi, na kadi ikae ndani ya mfuko pamoja nayo.