Bendi za rika zote haziibi vijana wa mtu

Jamani hii stori kwamba Reading Buccaneers wa Pennsylvania na bendi zingine za rika zote (bendi za gwaride za tarumbeta na ngoma zisizo na kikomo cha umri) zinawachota vijana wa bendi za juniya, yaani zile za vijana tu, hapana, sio kweli. Juniya kubwa za Marekani zinakutoa nyumbani kiangazi kizima, usiku unalala sakafuni kwenye jimu ya shule, asubuhi uko juani na tarumbeta yako, na ada juu yako, na ukishatimiza miaka 22 msimu unaofuata huna nafasi. Sasa dogo mwenye kibarua Jumatatu mpaka Ijumaa aende wapi? Buccaneers wapo tangu 1957, mazoezi wikendi, anapiga ngoma bega kwa bega na mtu wa umri wa babake, mwakani hela ikipatikana anaenda juniya, umri ukimtupa anarudi zake kwa Buccaneers.