Saratani ya utumbo mpana: roboti haipasui, anayepasua ni daktari

Wagonjwa wengi wakishaambiwa wana saratani ya utumbo mpana huuliza kama watapasuliwa na roboti. Roboti haimpasui mtu. Anayepasua ni daktari, aliyeketi hatua chache kutoka kitandani, macho kwenye picha iliyokuzwa na vidole kwenye vishikio. Akiacha kusogeza mkono, mashine nayo hutulia.

Tuanze na kinachotafutwa ndani. Uvimbe hautolewi peke yake. Hukatwa kipande cha utumbo pamoja na utando wake wenye mishipa ya damu na tezi za limfu, kwa kuwa saratani ikianza kusambaa mara nyingi hupitia huko. Mtaalamu wa patholojia, anayekichunguza kipande hicho maabara, huzihesabu tezi hizo. Zikiwa chini ya 12, ni vigumu kusema kwa uhakika ugonjwa umefika hatua gani. Kazi hii haibadiliki, tumbo liwe limepasuliwa au limetobolewa.

Katika upasuaji wa matundu madogo, tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi ili ukuta wake uinuke na kamera ipate nafasi. Matundu mengi huwa ya sentimita moja hivi au pungufu. Lakini kipande kilichokatwa lazima kitoke, kwa hiyo mkato mmoja huwa mrefu zaidi, mara nyingi sentimita nne hadi sita, na kingo zake hufunikwa kwa kinga ya plastiki ili chembe za saratani zisiguse kidonda. Wapo wanaoshtuka wakiukuta mshono huo. Ni vyema waambiwe mapema.

Ripoti za kwanza za upasuaji huu kwenye utumbo mpana zilitoka mwaka 1991, na hofu ikazuka upesi: kwa baadhi ya wagonjwa saratani ilichipuka kwenye matundu yenyewe. Mwaka 2004 utafiti uliofanyika Marekani na Kanada kwa wagonjwa 872 uliishusha hofu hiyo. Kiwango cha saratani kurudi kilikaribiana kwa makundi yote mawili, la matundu madogo na la waliofunguliwa tumbo, na kurudi kwenye kidonda hakukufika asilimia 1.

Sasa roboti. Vifaa vya kawaida vya matundu madogo ni virefu na vimenyooka, ilhali ncha ya kifaa cha roboti hujipinda kama kifundo cha mkono. Faida yake huonekana zaidi kwenye puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo iliyo ndani kabisa ya nyonga, hasa kwa mwanamume mwenye nyonga nyembamba au mtu mnene. Tangu mwaka 1982 daktari Bill Heald wa Uingereza alisisitiza kwamba puru itolewe na mafuta yanayoizunguka yakiwa mazima. Pembeni tu ya mafuta hayo hupita neva za mkojo na za tendo la ndoa. Ukipotea ndani kidogo unaacha saratani. Ukipotea nje unajeruhi neva.

Hata huko, utafiti wa mwaka 2017 wenye wagonjwa 471 haukuthibitisha kwamba roboti hupunguza ulazima wa kufungua tumbo katikati ya kazi. Tafiti za baadaye kutoka China zimeipa alama nzuri zaidi kwa saratani ya puru. Kwa uvimbe wa upande wa kulia wa utumbo, kwa maoni yangu, ukosefu wa roboti si sababu ya kuhama hospitali. Na daktari akiamua kufungua tumbo kwa sababu uvimbe umeshikamana na viungo vingine, hajashindwa.

Hatari ya mshono wa utumbo kuvuja ipo kwa njia zote. Homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua na moyo kwenda mbio ni dalili za kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Badala ya kuuliza kama mashine ipo, muulize daktari anafanya upasuaji wa aina yako mara ngapi kwa mwaka, kama picha za MRI za nyonga zimejadiliwa na jopo la madaktari, na kama unahitaji mionzi kwanza. Uliza pia kama utatolewa haja kwa muda kupitia tundu tumboni. Ikiwa ndiyo, muuguzi akuwekee alama ya mahali pa tundu kwa kalamu kabla ya upasuaji, ukiwa umekaa, umesimama na umeinama, ili mfuko wa kupokea haja usije ukaangukia kwenye mkunjo wa ngozi au pale unapofunga mkanda.