Gari ikichemsha, kompyuta inafanya nini na petroli?

Kaskazi ikishika, gereji yetu hapa Mwanakwerekwe hujaa gari zilizochemsha. Kila moja huja na maelezo yake, mengine ya dereva, mengine ya fundi aliyeishika kabla yangu. Mengi si kweli, na yanawalia watu petroli na injini.

Kubwa kuliko yote ni hili: "Unguja hakuna baridi, thamostati ya nini? Itoe." Thamostati ni vali inayofunguka maji ya injini yakipata moto, yapite kwenye rejeta yapoe. Neno hilo nimelisikia hata kwa mafundi wazee ninaowaheshimu. Enzi za kabureta hasara yake haikuonekana upesi. Kwenye gari ya nozeli, yaani vipulizio vya petroli vinavyoamriwa na kompyuta, mambo ni mengine. Kompyuta ya injini, hiyo kontrol boksi, inajua joto la maji kupitia sensa moja ndogo, na kipimo hicho ni miongoni mwa vitu vinavyoamua nozeli zibaki wazi muda gani. Maji yakiwa hayajafika nyuzi 70 au 80 hivi, inahesabu injini bado ya baridi na inaongeza petroli, maana petroli haigeuki mvuke vizuri penye chuma cha baridi. Thamostati nyingi za Toyota huanza kufunguka karibu na nyuzi 82. Ukiitoa, maji yanapita kwenye rejeta tangu unapowasha, na gari inayokula upepo barabara ya Bububu alfajiri inaweza isifike joto lake la kazi. Hewa ya nyuzi 32 ni joto kwetu sisi wenye ngozi, si kwa injini.

Juzi nilifungua plagi za Noah moja ya kubeba watalii: nyeusi, masizi makavu yanayofutika kwa kidole, dalili ya petroli kuzidi. Dereva alishaambiwa anunue nozeli mpya. Nikamwuliza, "Kaka, thamostati iko wapi?" Akasema ilitolewa mwaka jana. Na wala kuitoa hakuzuii gari kuchemsha. Kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ikifunguka ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji. Isipokuwepo, njia hiyo inabaki wazi, maji mengine hayafiki kwenye rejeta kabisa.

Wengine wanaamini kwamba injini ikipata moto sana kompyuta hupunguza petroli ili ipoe. Ni kinyume. Katika joto la kawaida na mwendo mwepesi, kompyuta inafuata sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi na kushika uzito wa hewa 14.7 kwa petroli 1. Maji yakipita kiwango, gari nyingi zikiwa kwenye nyuzi 105 au 110 hivi, jedwali la maagizo lililomo ndani ya kompyuta linaweza kuiamuru iongeze petroli, hasa injini ikiwa na mzigo. Petroli ya ziada hufyonza joto inapogeuka mvuke, na mchanganyiko mzito huungua kwa moto mdogo zaidi. Pamoja na hayo kompyuta hurudisha nyuma taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, na gari nyingine hukata AC. Kila mtengenezaji ana jedwali lake. Gari za zamani hufanya machache. Kwa hiyo AC ikikata yenyewe kwenye vilima vya Pemba huku sindano ya joto inapanda, usikimbilie kujaza gesi.

Ndipo vijana wanaponijia na kompyuta mpakato: "Fundi, tuimwagie petroli zaidi, isichemshe." Hapana. Nyongeza hiyo inalinda pistoni zisigongwe na mlipuko wa kabla ya wakati. Haizibui rejeta. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yanaacha chokaa ndani ya mirija. Hilo halifutwi na programu. Ukizidisha, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuunguza katalisti, kile kisafisha moshi. Asilimia chache, kwenye mistari ya joto la juu ya jedwali tu, baada ya mfumo wa maji kuwa mzima. Hiyo ndiyo tuning, kurekebisha programu ya kompyuta.

Gari iliyozimwa dakika kumi bandarini Malindi halafu ikagoma kuwaka, watu husema petroli imezidi. Mara nyingi imepungua: joto la injini limepanda hadi kwenye bomba la nozeli, petroli ikafanya mapovu. Kompyuta inajaribu kufidia kwa kuacha nozeli wazi zaidi, na Toyota kadhaa za miaka ya 1990 zina vali inayopandisha presha ya petroli kwa muda mfupi.

Na sindano ya dashibodi si macho ya kompyuta. Kwenye Toyota nyingi za zamani dashibodi ina sensa yake ya waya mmoja, kompyuta ina nyingine ya waya mbili. Ing'oe hiyo ya pili, itie kwenye kikombe cha maji ya nyuzi 20 hivi, pima ukinzani wake wa umeme kwa mita: omu 2,000 hadi 3,000 hivi. Mimina maji ya moto ya nyuzi 80. Ishuke hadi kati ya 200 na 400. Isiposhuka, kompyuta inadhani ni baridi siku nzima, na inamwaga petroli.

Sensa nzima nayo inahitaji kulowa. Maji yakivuja yote, inabaki kwenye hewa na mvuke, inasoma joto dogo kuliko lililopo, na kompyuta inaendelea kana kwamba hakuna jambo huku hedi, kile kifuniko cha silinda, inapinda. Sindano ikipanda kisha ikaporomoka ghafla hujafanya lolote, zima injini hapo hapo, hata kama uko katikati ya Darajani.