Shamba la dola 600: kwa nini George na Lennie hawakulipata?

Je, wajua kwamba ndoto maarufu kuliko zote katika riwaya ya Of Mice and Men ilibakiza mwezi mmoja tu kutimia? Riwaya hiyo fupi ya John Steinbeck ilitoka mwaka 1937, enzi za mdororo mkubwa wa uchumi Marekani, na jibu la haraka ni kwamba vibarua wawili hohehahe, George na rafiki yake Lennie, jitu lenye nguvu na akili za kitoto, hawawezi kununua shamba. Jibu hilo ni nusu tu. Chukua kalamu upige hesabu, maana mwandishi ameziweka tarakimu zote kitabuni, na hakuziweka bure.

Shamba lenyewe ni ekari 10, lina nyumba ndogo, banda la kuku, miti ya matunda na maji ya kutosha kumwagilia lusini, majani ya kulisha mifugo. Wenye nalo ni wazee waliofilisika, na bibi anahitaji upasuaji, kwa hiyo George anaamini wataliachia kwa dola 600. Yeye na Lennie wana dola 10 kwa jumla. Ndipo anapojitokeza Candy, mzee aliyepoteza mkono akiwa kazini: fidia yake dola 250, akiba 50, mshahara wa mwisho wa mwezi 50. Hizo ni 350. George na Lennie wakifanya kazi mwezi mzima bila kugusa hata senti, wanaongeza 100. Kwa 450, George anaona wazee watakubali, salio atalimaliza kwa kibarua.

Siku mbili baadaye Lennie anamuua bila kukusudia mke wa Curley, mtoto wa mwajiri wao. Candy, maiti ikiwa bado mbele yao, anamuuliza George kama wao wawili hawawezi kulipata shamba. Kihesabu wanaweza: 350 zake na 50 za George ni 400, zimepungua 50 tu kufika zile 450. George anakataa. Anasema anadhani alijua tangu mwanzo kuwa halitapatikana, ila Lennie alipenda mno kusikia habari zake hata yeye mwenyewe akaanza kuamini.

Tazama basi jinsi habari hiyo inavyosimuliwa. George anaanza, Lennie anamkatiza, anadai sungura atakaowafuga huko shambani, anamalizia sentensi alizokwisha kuzikariri. Lennie akiondoka, George ni mtambaji anayesema “paukwa” pasipo wa kumjibu “pakawa”. Alichokuwa akikinunua, kwa maoni yangu, hakikuwa ardhi.

Na hao sungura? Walimu wengi huandika ubaoni “usafi wa moyo” wakaishia hapo. Fuata vitu laini anavyovishika Lennie: panya mfu mfukoni, kisha mtoto wa mbwa aliyepewa na Slim, mwendesha nyumbu, kisha nywele za mke wa Curley. Kila kimoja ni kikubwa kuliko kilichotangulia, na mikono ile ile inayobeba magunia ya nafaka ndiyo inayoua. Sungura wangefika shambani wakafa vilevile. Lennie mwenyewe analihisi hilo, ndiyo maana karibu na mwisho anamwona sungura mkubwa wa kufikirika akimsuta kwamba hafai kufuga.

Mbwa mzee wa Candy ni ishara iliyopangwa kwa uangalifu zaidi. Carlson, kibarua mwenzao, anampiga risasi ya kisogoni kwa bastola yake ya Luger, na Candy anajuta kumwachia mtu mwingine kazi hiyo. George anaisikia kauli hiyo. Bastola ile ile na kisogo, ndivyo Lennie anavyokufa, mkononi mwa George.

Anayesahaulika kwenye insha nyingi ni Crooks, mtunza farasi mweusi. Anasema ameona mamia ya vibarua wenye kipande cha ardhi vichwani, wala hakuna aliyekipata. Muda mfupi baadaye naye anaomba nafasi, afanye kazi bure kwa chakula tu. Mke wa Curley anamkumbusha kwamba neno lake moja linatosha kumfanya anyongwe mtini. Crooks anamwita Candy na kumwambia asahau alichosema.